Honda ST1100 Pan-European mikononi mwa mwenye nayo: tathmini ya pikipiki kongwe ya masafa

Honda ST1100, iliyouzwa pia kwa jina la Pan-European, ilitengenezwa kuanzia 1990 hadi 2002, kwa hiyo hata iliyo changa kuliko zote imekwisha kuvuka miaka 20. Mwendo wake, utulivu wake na namna inavyomkinga dereva na upepo ni mambo yaliyokwisha kusifiwa na waliotangulia, na sioni haja ya kuyarudia. Swali lenye maana kwa anayetaka kuinunua leo ni jingine: je, mtu mwenye seti ya spana ya kawaida, mahali pakavu pa kufanyia kazi na subira ya kutosha anaweza kuiweka barabarani bila kuikabidhi kwa fundi kila mara? Nimeitunza kwa muda mrefu na jibu langu ni kwamba anaweza, tena kwa urahisi kuliko pikipiki nyingi za aina yake, mradi ajue kazi iko wapi. Chuma cha pikipiki hii hakichoki upesi. Kinachochoka ni mpira, viunganishi vya umeme na grisi iliyokauka, na karibu vyote hivyo vimefichwa mahali ambapo jicho halifiki mpaka umevua nusu ya makava.

Ni vyema kwanza kuieleza mashine yenyewe, kwa sababu mpangilio wake ndio unaoamua kazi zipi zitakuwa nyepesi na zipi zitakuwa za kuchosha. Injini ni ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,084 na valvu 16, inayopozwa kwa maji, na imewekwa ili krankshafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ielekee mbele na nyuma badala ya kukingama. Nguvu inatoka kwenye giaboksi ya gia tano na kwenda moja kwa moja kwenye shafti inayozungusha gurudumu la nyuma, hivyo hakuna mnyororo wa kupaka mafuta, wala sproketi za kubadilisha, wala kazi ya kukaza mnyororo kila baada ya safari. Kwa mtu anayetembea masafa marefu hilo peke yake ni punguzo kubwa la kazi. Tanki la petroli, lenye lita 28, liko chini ya kiti. Kile kinachoonekana kama tanki mbele ya dereva ni kifuniko tu, na chini yake kuna boksi la filta ya hewa na kabureta nne.

Mpangilio huo wa tanki una faida ambayo wauzaji hawakuitangaza. Katika pikipiki nyingi za zamani zenye kabureta, petroli hushuka kwa uzito wake kutoka kwenye tanki lililo juu, na anayetaka kusawazisha kabureta hulazimika kulitoa tanki, kisha kutundika chupa ya petroli mahali fulani juu ya injini ili iendelee kuunguruma wakati anafanya kazi. Hapa petroli inasukumwa na pampu kutoka chini. Unaondoa kifuniko, unaondoa boksi la filta, na injini inawaka kama kawaida huku kabureta zote nne zikiwa wazi mbele yako. Usawazishaji ambao kwingine ni shughuli ya kuogopwa hapa unakuwa kazi ya asubuhi moja, ukiwa na geji nne za kupimia mvuto wa hewa na bisibisi ndefu.

Uzito ndio jambo la kwanza linalomtisha mgeni. Ikiwa na petroli, pikipiki hii inazidi kilo 300, na kuisukuma kinyumenyume kwenye sakafu yenye mteremko si jambo la mchezo. Stendi ya katikati, hata hivyo, ilikuja nayo kutoka kiwandani, na ina mkao mzuri: mtu wa kimo cha wastani anaipandisha kwa kukanyaga stendi kwa uzito wote wa mwili huku mkono ukiongoza tu, bila kuinua kwa mgongo. Ubavuni kuna fremu za chuma zilizofunikwa kwa plastiki, ambazo hupokea uzito pikipiki ikianguka ikiwa imesimama. Zimeokoa makava ya watu wengi. Unapokagua pikipiki ya kununua, vifuniko hivyo vikiwa vimekwaruzwa usishtuke sana, maana ndiyo kazi vilivyowekewa.

Makava yenyewe ni mtihani. Kila kazi ya ndani inaanza kwa kuyatoa, na kuna utaratibu: vifuniko vya zile fremu za ubavuni hutangulia, kisha vipande vya chini, kisha vya pembeni. Anayeruka hatua atavunja ulimi wa plastiki, na plastiki ya umri huu imekauka kiasi kwamba haipindi tena; inakatika. Ninapendekeza kila skrubu irudishwe kwenye tundu lake mara kipande kinapotoka, au ipangwe juu ya kadibodi iliyochorwa umbo la kava, kwa sababu skrubu hizi hazina urefu mmoja, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kugusa waya au kutoboa kitu upande wa pili. Mara ya kwanza kazi ya kuvua itakula muda mwingi kuliko kazi yenyewe. Baada ya mara kadhaa mikono inazoea na unaacha kufungua kitabu.

Hapa pana jambo dogo ambalo huharibu pikipiki nyingi za Kijapani bila wenye nazo kujua. Skrubu zake za msalaba zilitengenezwa kwa kipimo cha Japani kinachoitwa JIS, ambacho kinafanana na msalaba wa kawaida wa Phillips lakini si kimoja nacho. Bisibisi ya Phillips haikai hadi chini ya tundu la JIS. Ukiizungusha kwa nguvu inapanda juu na kulikwangua tundu mpaka likawa duara. Skrubu nyingi za JIS zina nukta ndogo iliyogongwa karibu na msalaba, na ukiiona, tafuta bisibisi ya kipimo hicho. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya spana mpya. Skrubu za vifuniko vya hifadhi ya mafuta ya breki na klachi ndizo zinazoliwa zaidi, na kuzitoa baada ya kuliwa ni karaha ambayo ingeepukika kwa bisibisi sahihi.

Sevisi ya kawaida haina maajabu. Oili na filta yake vinafikika bila taabu, na kwa kuwa klachi inalowa katika oili ileile ya injini, oili iliyochaguliwa iwe na alama ya JASO MA, ambayo ni ya oili za pikipiki zenye klachi ya kulowa, maana baadhi ya oili za magari zilizotiwa kemikali za kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze. Ringi ya kuzibia bolti ya kumwagia oili ibadilishwe kila mara. Bolti hiyo inaingia kwenye alumini, na mwenye mkono mzito ataukata uzi. Plagi zina pengo la kati ya milimita 0.8 na 0.9 na hudumu muda mrefu, isipokuwa injini ikianza kumisi kwa sababu nyingine. Maji ya rejeta yabadilishwe kila miaka miwili, kwa dawa ya kupozea isiyo na silika, kwa kuwa silika hula sili ya pampu ya maji. Hayo yote ni mambo ya nusu siku, na hayatofautiani sana na yale ya pikipiki nyingine.

Kinachotofautiana ni kilicho katikati ya ile V. Silinda zimeachana, na katika bonde lililo kati yake, chini ya kabureta, inapita mipira ya maji ya kupozea injini. Mipira hiyo imekaa katika joto kali tangu siku pikipiki ilipotoka kiwandani. Haionekani, haiguswi, na wamiliki wengi hawajui kwamba ipo mpaka waone maji yakichuruzika chini ya injini bila kujua yanatoka wapi. Ukifika huko na tochi, ubonyeze mpira karibu na klipu kwa kidole gumba: mpira mzima unabonyea na kurudi, na uso wake unabaki mweusi laini, uliokufa ni mgumu kama ubao, na unapoubonyeza unafungua mistari midogo ya nyufa sambamba na klipu, wakati mwingine yenye ukoko wa rangi ya dawa iliyokauka. Ukiukuta hivyo usijaribu kuuvuta. Ukate kwa kisu kwa urefu, uuchane, uutoe vipande vipande, kwa sababu bomba la alumini ulilojishika nalo halistahili kupindwa kwa ajili ya mpira unaotupwa.

Kwa kuwa kufika hapo kunahitaji kabureta zitoke, busara inadai kwamba kila kitu cha mpira kilicho njiani kibadilishwe kwa pamoja. Mipira minne inayounganisha kabureta na injini hukauka, ikapoteza mnyumbuko, na injini ikaanza kuvuta hewa pembeni. Dalili yake ni mngurumo usiotulia pikipiki ikiwa imesimama, na resi inayochelewa kushuka unapoiachia. Kuna mipira midogo ya mvuto wa hewa, kuna oringi (pete ndogo za mpira za kuzibia) za mabomba ya petroli kati ya kabureta na kabureta, na kuna mpira wa petroli wenyewe. Petroli yenye ethanoli imezidisha tatizo hili, maana mipira mingi ya wakati ule haikukusudiwa kulowa ethanoli miaka yote. Kuna watu hubadilisha mpira mmoja uliovuja na kufunga. Siwaelewi. Kazi ya kufungua ni ileile, na mpira wa jirani una umri uleule.

Kabureta zenyewe ni za aina inayotumia kiwambo chembamba cha mpira kunyanyua pistoni kulingana na mvuto wa hewa. Zikitunzwa hazisumbui, lakini hazipendi pikipiki ikae muda mrefu na petroli ndani, kwa sababu petroli inayokauka huacha gundi kwenye jeti za mwendo wa chini, ambazo tundu lake ni dogo mno. Pikipiki inayowaka kwa choki tu, na kuzima mara unapoirudisha choki, kwa kawaida inalalamikia jeti hizo. Dawa ni kuzifungua na kuzisafisha kwa kemikali na hewa ya kompresa, si kwa waya, maana waya huyapanua matundu. Anayejua kwamba pikipiki itakaa miezi kadhaa bila kutumika amwage petroli iliyo kwenye vikombe vya kabureta kupitia skrubu zilizo chini yake. Ni kazi fupi kwa kulinganisha na kuzitoa zote nne, na ajabu ni kwamba wengi hawaifanyi.

Umeme unazigawa pikipiki hizi katika makundi mawili, na anayenunua anapaswa kujua yuko kundi lipi. Za mwanzo zina alteneta ya ampea 28 inayopozwa kwa oili. Kuanzia modeli ya 1996 ikaja ya ampea 40 inayopozwa kwa hewa. Ile ya kwanza inatosha kwa pikipiki kama ilivyotoka kiwandani, lakini haina akiba kwa anayetaka kuongeza taa za ziada na nguo za kupasha joto. Tatizo lake linalojulikana zaidi liko kwenye kiunganishi cha nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye alteneta: pini zake zikishika kutu kidogo, ukinzani unaongezeka, joto linapanda, plastiki inageuka kahawia kisha nyeusi, na mwisho alteneta yenyewe inaungua. Kukikagua ni suala la kukifungua na kukitazama. Kuibadilisha alteneta ni jambo jingine, kwa sababu imekaa nyuma ya injini, na njia ya kuifikia inapitia kufungua sehemu ya nyuma inayobeba gurudumu.

Kwa hiyo mita ya umeme ni kifaa cha lazima. Betri iliyojaa na kupumzika isome volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikiunguruma kwa resi ya wastani, usomaji uwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ukiona chini ya hapo usikimbilie kununua betri, kwani betri ndiyo hulaumiwa kwanza na mara nyingi haina kosa. Fuata nyaya kutoka kwenye alteneta, fungua kila kiunganishi, kisafishe, na upime volti zinazopotea kati ya ncha moja na nyingine huku taa zikiwaka. Sehemu za kugusana na fremu, ambazo ndizo njia ya umeme kurudi, zikwanguliwe hadi chuma king'ae na kufungwa tena kwa grisi juu yake ili unyevu usiingie. Nikiulizwa ni kazi gani ya gharama ndogo kabisa inayoongeza uhai wa pikipiki ya miaka hii, ningetaja hii bila kusita.

Upande wa nyuma una siri yake. Gurudumu linaendeshwa na meno yaliyo kwenye kitovu, yanayoingia ndani ya meno mengine kwenye difu, yaani boksi la gia lililo mwisho wa shafti. Meno hayo hayalowi katika oili ya difu. Yanategemea grisi maalumu iliyopakwa kwa mkono, yenye kiwango kikubwa cha molibdenamu, na kitabu cha kiwanda kinataka zaidi ya asilimia 40. Grisi ya kawaida ya beringi haifai, kwa kuwa inasukumwa nje kwa mbano wa meno na kuacha chuma kikisuguana na chuma. Gurudumu likitoka, futa meno kwa kitambaa cheupe. Ukiona uchafu mweusi unaoteleza, mambo ni salama. Ukiona unga mwekundu mkavu, grisi ilikwisha zamani na kinachoonekana ni chuma kilichosagika. Kisha tazama umbo la meno: kilele chake kiwe bapa. Yakishachongoka, hakuna grisi itakayoyarudisha, na vipande vyote viwili vitahitaji kubadilishwa.

Tahadhari hii ina uzito wa pekee kwa sababu duka la matairi halitaifanya kwa niaba yako. Fundi wa matairi anatoa gurudumu, anavalisha tairi, anarudisha, na kazi aliyolipwa imekwisha. Ndiyo maana ninapendekeza gurudumu litolewe nyumbani na lipelekwe dukani likiwa peke yake. Unaporudi nalo una nafasi ya kusafisha meno, kupaka grisi mpya, kubadilisha oringi, kuzungusha beringi kwa kidole ili kuhisi kama kuna mikwaruzo, na kutazama mipira ya kupunguza mshtuko iliyo ndani ya kitovu. Tairi la mbele ni la kipimo cha 110/80 kwenye rimu ya inchi 18, la nyuma ni 160/70 kwenye rimu ya inchi 17. Soma tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa zilizopigwa ubavuni, ambapo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kabla hujakubali kuvalishwa. Tairi lenye kashata nzuri na mpira uliokauka ni hatari kuliko lililochakaa kwa haki, kwa sababu halionekani kuwa baya.

Wakati gurudumu liko nje, chunguza pia mkono wa nyuma unaolibeba. Ni wa chuma cha bomba, na katika nchi ambazo barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi umepata sifa mbaya ya kuoza kutoka ndani, hasa karibu na mwimo unaounganisha pande mbili. Rangi ya nje huweza kuonekana nzima huku ndani pakiwa pamekwisha. Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize: chuma kizima hulia, kilichooza kinatoa sauti butu, na pengine bisibisi itazama. Huu ndio ubovu pekee katika orodha yangu unaoweza kunifanya niikatae pikipiki iliyo nzuri kwa mengine yote.

Kuhusu breki, ushauri wangu utawakera baadhi ya watu. Pikipiki hii ilitoka katika hali tatu: yenye breki za kawaida; yenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande pamoja na ule wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze; na kuanzia 1996 yenye mfumo huo ulioboreshwa na kuunganishwa, ambapo ukibana breki ya mkono au ukikanyaga ya mguu, mbele na nyuma zote hushika. Barabarani huo wa mwisho ni mzuri sana. Nyumbani ni mabomba mengi, vali za ziada, silinda ya pili iliyofungwa kwenye kalipa ya mbele, na utaratibu mrefu wa kutoa upepo ambao usipofuatwa kwa mpangilio wa kitabu utakuacha na breki inayobonyea kama sifongo. Kwa anayekusudia kufanya kazi zote mwenyewe, ninapendekeza ile ya breki za kawaida yenye alteneta ya ampea 40. Anayethamini usalama wa mfumo ulioboreshwa ana haki, lakini ajue anachokinunua.

Kwa hali zote tatu, mafuta ya breki ya DOT 4 yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama pikipiki haikutembea. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 mpya ni kuchemka kwa nyuzi 230 za selsiasi, na yakishanyonya unyevu kiwango hicho hushuka hadi 155. Klachi nayo ni ya haidroliki na hutumia mafuta yaleyale, lakini husahaulika, na kwenye pikipiki nyingi nilizozikagua kidirisha cha hifadhi ya klachi kilikuwa na rangi ya chai iliyokolea wakati kile cha breki kilikuwa safi. Pedi zinapobadilishwa, pistoni zisisukumwe ndani zikiwa na uchafu. Zisafishwe kwanza kwa mswaki na maji ya sabuni huku zimetoka kidogo, la sivyo uchafu wote utaingia kwenye sili.

Valvu na mkanda wa taimingi huwatisha watu pasipo sababu. Nafasi za valvu hukaguliwa kila kilomita 24,000 hivi, na kazi kubwa ni kuvifikia vifuniko. Ndani yake mara nyingi utakuta vipimo viko sawa na utafunga bila kubadilisha chochote. Kemshafti, yaani mihimili inayofungua valvu, zinaendeshwa na mkanda wa mpira wenye meno, ulio mbele ya injini nyuma ya rejeta. Ratiba ya kiwanda inaupa umbali mrefu sana, lakini ratiba hiyo ilihesabu kilomita, haikuwaza pikipiki itakayofikisha miaka 25 ikiwa na kilomita chache. Mkanda usiojulikana historia yake ubadilishwe. Alama za taimingi ziko wazi, na anayefuata kitabu na kuzungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili kabla ya kuwasha hana cha kuhofia.

Vipuri bado vinapatikana kwa sehemu kubwa, kwa sababu pikipiki hii ilitumika sana, ikiwemo na vikosi vya polisi barani Ulaya, na nyingi zilizokufa kwa ajali zimeacha viungo vizima. Filta, pedi, sili, beringi na plagi si tatizo. Vipande vya makava visivyopasuka na baadhi ya mipira ya umbo maalumu vinaanza kuwa adimu, kwa hiyo ukipata mipira ya lile bonde la V, nunua seti nzima hata kama hujaihitaji bado. Vipuri vya kuiga vina ubora unaopishana mno: kwa filta na pedi nimeridhika navyo, kwa sili za fochi na mipira ya kabureta sirudii tena.

Kwa yule anayekwenda kuiangalia pikipiki ya aina hii kwa nia ya kuinunua, kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zisimshughulishe sana. Aende na tochi, kitambaa cheupe na mita ya umeme. Amwombe mwenye nayo asiiwashe kabla yeye hajafika, ili asikie namna inavyoamka ikiwa baridi. Apapase chini ya injini kutafuta maji, agonge mkono wa nyuma, apime volti. Kisha aulize ni lini gurudumu la nyuma lilitolewa kwa mara ya mwisho, na ni grisi gani iliyopakwa. Mwenye pikipiki anayelijibu swali hilo la pili bila kufikiri amekuwa akiitunza mwenyewe, na pikipiki yake ndiyo ya kununua.